Chumvi ya Kisima ni ya Nani?

Wasomaji wenzangu, makala hii ni somo la Kemia na Jiografia kwa pamoja, lakini ilianza kwa barua ya hasira. Barua hiyo niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa Kidato cha Pili, wakati wa likizo ya Desemba.

Kijijini kwetu, katika mwambao wa Mkoa wa Pwani, kuna kiwanda kidogo cha achari ya maembe. Maembe mabichi hukatwa vipande, hulowekwa katika mapipa ya maji ya chumvi kali, na baada ya majuma kadhaa hutolewa, husuuzwa na kutiwa viungo. Maji ya chumvi yaliyokwisha kazi, pamoja na maji ya kuoshea, yalikuwa yakimwagwa katika shimo nyuma ya kiwanda, mchanga ukayanywa.

Mwaka ule maji ya kisima cha Bibi yangu yalizidi kuwa na munyu. Chai ilibadilika ladha, na maharage yalikataa kuiva upesi. Bibi ana maradhi ya shinikizo la damu, na katika zahanati alikuwa ameambiwa apunguze chumvi. Nilijiuliza, atapunguzaje chumvi ya chakula hali chumvi nyingine anainywa? Wazee wa kwetu, wakijua kuwa mimi ni mwanafunzi wa sekondari, waliniomba niwaandikie barua kwa Mwenyekiti wa Kijiji kudai kiwanda kifungwe. Niliandika kurasa 2. Nilisema kiwanda kimetutilia sumu visimani. Barua iliposomwa barazani, watu walisifu sana Kiswahili changu.

Niliporudi shuleni nilimwonyesha Mwalimu wetu wa Kemia nakala ya barua hiyo, nikitumaini sifa zaidi. Aliisoma yote, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Kabla ya kiwanda kujengwa, kisima hicho kilikuwa na chumvi kiasi gani?"

Sikuwa na jibu.

"Basi umeandika hukumu kabla ya ushahidi," akasema. "Likizo ijayo, niletee maji."

Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza kutokana na maji hayo.

CHUMVI YA ASILI

Hakuna maji ya ardhini yasiyo na chumvi kabisa. Mvua ikinyesha pwani, hushuka na chembe za chumvi zilizopeperushwa na upepo kutoka baharini. Maji yakipenya chini hugusa mchanga, udongo na mawe, nayo huyeyusha kidogo kila yanachopitia. Karibu na bahari, maji ya bahari yenyewe hupenya chini ya nchi kavu. Hata mbali na bahari chumvi ipo: katika mikoa yenye ukame, maji yasiyo na njia ya kutokea hukauka kwa jua na kuacha chumvi nyuma. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yaliyo katika mji wa Singida, ni ya chumvi, wala hayako karibu na bahari yo yote.

Kiasi cha chumvi ambacho maji ya mahali fulani yangekuwa nacho hata kama asingekuwapo mtu wa kuyaharibu, tutakiita chumvi ya asili. Mtu akitaka kujua madhara ya kiwanda, au ya choo, au ya shamba, hana budi kwanza kuijua chumvi ya asili, kisha kuiondoa katika hesabu. Ni kama mfanyabiashara sokoni: kabla ya kupima sukari hupima kwanza chombo kitupu. Asipofanya hivyo, atakuuzia uzito wa chombo kwa bei ya sukari.

Tabu yetu ilikuwa hii: kabla ya kiwanda kujengwa, hakuna aliyepima wala kuandika lo lote. Mwalimu alisema kwamba ikiwa huwezi kurudi nyuma kwa miaka, waweza kwenda kando kwa hatua. Maana yake, tafuta visima ambavyo kwa kila jambo vinafanana na vile vinavyolalamikiwa, ila havina kiwanda karibu. Hivyo vitakusimulia kwa kadiri gani ingekuwa.

VISIMA TULIVYOVICHAGUA

Nilichagua visima 8. Viwili vilikuwa vile vya malalamiko au vya mashaka, yaani cha Bibi, mita 200 kutoka baharini, na cha shule ya msingi, ambacho kiko mita 300 tu kutoka kwenye shimo la kiwanda. Kusema kweli, cha shule nilikitia kwa sababu ya ukaribu wake tu, maana hakuna mtu aliyekilalamikia.

Sita vilikuwa vya kulinganisha. Kimoja kiko nyuma ya kilima, mbali na bahari. Kimoja ni cha walinzi, upande wa juu wa kiwanda. Kimoja ni cha msikiti, kati ya kiwanda na nyumba ya Bibi. Vitatu viko katika kitongoji cha jirani, ng'ambo ya bonde, ambako hakuna kiwanda lakini mchanga na umbali wa bahari ni sawa na kwetu.

Nilichota maji mara mbili: mwezi Juni, baada ya masika, visima vikiwa vimejaa, na mwezi Desemba, wakati wa kazi nyingi ya maembe. Kila chupa niliisuuza mara 3 kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuijaza, nikaifunga sana, nikaandika juu yake namba, tarehe na saa. Saa ni muhimu, kwa kuwa karibu na pwani maji ya kisima huweza kubadilika bahari ikijaa na kupwa. Kwa hiyo visima vya karibu na bahari nilivichota vyote wakati wa maji kupwa.

Msomaji aweza kuuliza: je, maji hayakuharibika njiani mpaka shuleni? Harufu yaweza kubadilika, na kutu yaweza kutuama chini ya chupa. Lakini kloridi, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi tuliyoipima, haiozi wala haipotei hewani. Ilimradi chupa imefungwa, itakusubiri.

JINSI YA KUPIMA

Njia tuliyoitumia ilitangazwa na mwanakemia Mjerumani, Karl Friedrich Mohr, mwaka 1856, na hata leo shule yenye bureti moja yaweza kuifuata.

Kwanza, yeyusha gramu 2.4 za nitrati ya fedha katika maji yaliyokenekwa mpaka yatimie lita 1. Dawa hii iwekwe katika chupa nyeusi, maana mwanga huiharibu. Pili, pima mililita 50 za maji ya kisima, uyatie katika chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Tatu, tia matone machache ya kromati ya potasi. Maji yatakuwa ya manjano. Nne, dondosha nitrati ya fedha kutoka katika bureti huku ukitikisa chupa. Fedha hushikana na kloridi na kufanya unga mweupe. Kloridi ikiisha, tone lifuatalo la fedha hushikana na kromati, na hapo rangi ya manjano hugeuka kuwa nyekundu ya matofali. Simama papo hapo, usome bureti.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa vipimo hivyo, kila mililita 1 ya dawa ni sawa na miligramu 10 za kloridi katika kila lita ya maji ya kisima. Kama maji yana chumvi nyingi, yachanganye kwanza: mililita 10 za kisima, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka 50, hapo kila mililita 1 ya dawa huhesabiwa 50. Kila kisima tulikipima mara 3 na kuchukua wastani. Pia tulipima maji yaliyokenekwa peke yake, ili tujue matone mangapi hutumika kugeuza rangi tu, tukayapunguza.

Angalieni: nitrati ya fedha huacha madoa meusi vidoleni ambayo hayatoki kwa sabuni, na kromati ni sumu. Usimwage mabaki yake ovyo. Ingekuwa ni kichekesho kuharibu maji kwa kuyapima.

Haya ndiyo majibu. Tarakimu ya kwanza ni ya Juni, ya pili ni ya Desemba, na zote ni miligramu za kloridi kwa lita moja.

Kisima cha 1, nyuma ya kilima, mita 2,000 kutoka baharini: 41 na 44.
Kisima cha 2, cha walinzi, juu ya kiwanda, mita 1,250: 60 na 62.
Kisima cha 3, kitongoji cha jirani, mita 1,000: 68 na 71.
Kisima cha 4, shule ya msingi, mita 950: 186 na 342.
Kisima cha 5, msikiti, mita 700: 84 na 88.
Kisima cha 6, kwa Bibi, mita 200: 405 na 780.
Kisima cha 7, kitongoji cha jirani, mita 200: 310 na 370.
Kisima cha 8, kitongoji cha jirani, mita 150: 360 na 440.

Ili tarakimu hizi ziwe na maana, yafaa kujua mambo mawili. Maji ya bahari yana kloridi miligramu 19,000 hivi kwa lita. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kloridi ikipita 250 ulimi huanza kuitambua. Shirika hilo halikuweka kiwango cha madhara kwa afya, bali cha ladha.

KISIMA AMBACHO HAKUNA ALIYEKILALAMIKIA

Tazameni tarakimu hizo kwa utulivu. Ukiacha kisima cha 4 na cha 6, vingine vyote vinapanga mstari mmoja: kadiri unavyokaribia bahari, chumvi huongezeka. Huo ndio mstari wa chumvi ya asili. Kisima kilicho mita 950 kutoka baharini kingepasa kuwa na 70 hivi. Kisima cha shule ya msingi kilikuwa na 342 wakati wa maembe. Kumbe kuna 270 zisizo za bahari.

Je, zilitoka kiwandani? Tulitaka kwanza kujua maji ya ardhini yanaelekea wapi, maana nayo hutelemka kama mto, ila polepole mno. Nilitumia ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi uashi hutumia kusawazisha kuta. Siku za Jumamosi 2 mimi na ndugu yangu mdogo tulihama nao kutoka mti hata mti, ili tulinganishe vimo vya midomo ya visima vitatu, kisha tukapima kwa kamba na jiwe umbali wa kufika majini. Tukaona kwamba uso wa maji katika kisima cha msikiti uko chini ya ule wa walinzi kwa sentimita 70, lakini wa kisima cha shule uko chini kwa sentimita 190, ingawa shule iko karibu zaidi. Maana yake maji yanayopita chini ya kiwanda yanatelemkia upande wa shule na bonde, hayaendi upande wa msikiti na nyumba ya Bibi.

Ushahidi wa pili ulikuwa nguo. Mama mmoja anayefulia sare za watoto wake kwa maji ya shule aliniambia kwamba tangu mwaka uliopita mashati meupe yanatoka na madoa ya kutu. Mwalimu alifurahi sana kusikia habari hiyo. Alieleza kwamba maji ya kuoshea maembe yana sukari na makapi, na vijidudu vya ardhini vikila vitu hivyo hutumia hewa yote ya oksijeni iliyomo. Maji yakikosa oksijeni, chuma kilichokuwa kimelala katika mchanga huyeyuka na kusafiri nayo, kisha maji yakichotwa na kupata hewa, chuma hurudi kuwa kutu. Bahari haifanyi hivyo katika kisima cha mita 950.

Ushahidi wa tatu ulikuwa sabuni ya mche. Chumvi inayouzwa dukani imetoka baharini kwa njia ya mashamba ya chumvi. Lakini chumvi ikiganda kwa jua, magnesi kwa sehemu kubwa hubaki katika maji machungu ya mwisho ambayo humwagwa. Kwa hiyo maji yaliyoingiliwa na bahari yana magnesi nyingi na hukataza sabuni kutoa povu. Maji yaliyoingiliwa na chumvi ya gunia hayana magnesi nyingi hivyo. Nilitia maji sawasawa katika chupa mbili, nikadondosha maji ya sabuni na kutikisa mpaka povu likakaa. Maji ya shule yalihitaji matone 9. Maji ya Bibi yalihitaji 41.

Fanyeni na hesabu hii. Pipa moja la lita 200 lenye kilo 30 za chumvi lina kilo 18 hivi za kloridi. Likimwagwa ardhini, laweza kutia maji safi zaidi ya lita 70,000 mpaka yafike 250. Hilo ni pipa moja tu.

Usiku ule tulipomaliza kisima cha 4, Mwalimu hakungoja kupambazuke. Alimpigia simu Mwenyekiti wa Kijiji, akamweleza, na kesho yake watoto wa shule ya msingi wakaanza kuchota maji msikitini. Ni wadogo zetu hao. Walikuwa wakinywa maji yale tangu kiwanda kije, wala hawakusema neno, kwa sababu mtoto hunywa anachopewa.

KISIMA CHA BIBI

Sasa nafika mahali pagumu kwangu kuliko nitrati ya fedha.

Kisima cha Bibi kiko mita 200 kutoka baharini. Kwa mstari wa chumvi ya asili, mwezi Desemba kingekuwa kati ya 350 na 400, kama kile cha jirani. Kilikuwa na 780. Lakini maji ya kiwanda hayaendi upande huo, na kisima cha msikiti, kilicho katikati, kilikuwa na 88 tu. Chumvi haiwezi kuruka kisima kama panzi. Na yale matone 41 ya sabuni yalisema wazi: hii ni bahari. Kwa hesabu, ili maji yafike 780, yatosha ndoo 4 za bahari katika kila ndoo 100.

Nani basi aliyeiita bahari?

Mita 40 kutoka kisima cha Bibi iko bustani ya Mjomba wangu, ya mchicha, bamia na nyanya, naye huimwagilia kwa pampu ya petroli kuanzia asubuhi mpaka jua kuchwa. Alianza mwaka ule ule kiwanda kilipojengwa. Katikati ya Desemba, Mjomba alisafiri kwenda msibani, pampu ikalala siku 5. Siku ya tano nilipoteremsha kamba katika kisima cha Bibi, maji yalikuwa yamepanda kwa sentimita 12. Nilichota chupa nyingine. Shuleni ilipimwa: 690. Kwa siku 5 tu, bila mvua, kisima kilikuwa kimepunguza 90.

Sababu yake ilielezwa zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Mholanzi W. Badon Ghijben, na tena mwaka 1901 Mjerumani Herzberg, waligundua kwamba pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji, kwa kuwa ya bahari ni mazito kidogo. Tofauti ya uzito ni ndogo: lita moja ya bahari ina gramu 1,025 hivi, ya maji matamu 1,000. Kwa hiyo kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huizuia bahari mita 40 chini yake. Geuza sasa hesabu hiyo. Ukiyashusha maji matamu kwa sentimita 25 tu na kuyaweka hivyo siku zote, bahari yaweza mwishowe kupanda mita 10 kutoka chini. Pampu hainyonyi bahari moja kwa moja. Huondoa uzito uliokuwa umeikalia.

Bustani ile ndiyo iliyoninunulia godoro na sanduku la kuja shuleni. Hata sabuni ya mche niliyofanyia jaribio ilinunuliwa kwa fedha za mchicha. Nilikaa na karatasi ya majibu majuma mengi. Nilifikiri ningeweza kueleza habari za kisima cha shule tu na kunyamaza juu ya kile cha pili. Kijiji kizima kilikwisha amini kuwa ni kiwanda. Ningenyamaza, hakuna ambaye angeniuliza.

Likizo ya Aprili nilimwendea Mjomba kabla ya mtu mwingine ye yote.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Habari za masomo?"

"Nzuri. Nina neno la kisima cha Bibi."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha ufunguo wa pampu kidoleni. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemtilia mama yangu chumvi." Sikujibu. Akaondoka, na kwa siku 6 hakusema nami. Siku ya saba alinijia kwa Bibi alfajiri, akaniuliza kama kamba na jiwe langu bado nilikuwa navyo.

BARAZA

Majibu nilisomewa nafasi kuyatoa barazani mwezi huo huo, Mwalimu wetu akiwapo. Nilianza kwa kusema kwamba barua yangu ya kwanza ilikuwa na kosa, na nikaomba radhi. Kulikuwa na minong'ono. Wengine walitaka kiwanda kifungwe vile vile. Lakini mama zetu wengi wanafanya kazi pale ya kukata maembe, nao walisimama wakasema kwamba hawataki kiwanda kife, wanataka shimo life.

Msimamizi wa kiwanda mwanzoni alibisha. Alipoona tarakimu za kisima cha walinzi, ambacho kiko upande wa juu wa kiwanda chake mwenyewe, na za kisima cha shule, upande wa chini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza lingegharimu nini. Shimo lilifukiwa. Sasa maji ya chumvi huchujwa na kutumiwa tena mara ya pili, na yanayobaki huanikwa juani katika birika pana la saruji mpaka yakauke, chumvi ikakusanywa.

Mjomba naye alisimama mbele ya watu wote. Alisema atamwagilia asubuhi tu, na kwamba ameanza kuchimba kisima kingine kwenda bara, mbali na bahari, ili achote kidogo kidogo mahali pawili badala ya kingi mahali pamoja.

Mwezi Juni mwaka huu nilipima tena. Kisima cha Bibi kilikuwa na 350. Msomaji asishangilie upesi: masika hupunguza chumvi kila mwaka, ndiyo maana nilipima na kisima cha 7, nacho kilikuwa na 305. Basi Juni iliyopita Bibi alimzidi jirani kwa 95, na safari hii kwa 45. Hayo ndiyo maendeleo ya kweli. Kisima cha shule ya msingi kilikuwa na 240, yaani kimepita hata Juni iliyopita, ingawa shimo limefukiwa. Chumvi iliyomwagwa bado iko safarini katika mchanga, inafika shuleni moja moja. Watoto bado wanachota msikitini, na sijui mtu awezaye kuiharakisha isipokuwa mvua.

MAFUNZO

Kwanza, usipime kisima kimoja. Kisima kimoja hakisemi kitu; husema vikiwa vingi, vilivyo juu na vilivyo chini ya mahali pa mashaka, na vingine kando kabisa.

Pili, usipime mara moja. Masika na kiangazi, maji kupwa na kujaa, vyote vina sauti.

Tatu, ladha ya ulimi ni shahidi, lakini si hakimu. Kisima kilichopigiwa kelele hakikuwa na kosa la kiwanda, na kile chenye kosa la kiwanda hakikupigiwa kelele na mtu.

Nne, na hili ndilo nililokusudia hasa: pimeni sasa. Kila mwanafunzi wa shule hii ana kisima, mto au bomba kwao. Wengine wenu karibu na nyumbani patajengwa kiwanda cha maziwa, cha samaki, cha korosho au cha matunda, na ni jambo jema, maana kazi zinatakiwa. Likizo hii chukua chupa safi, isuuze mara 3, ijaze, iandike tarehe, uilete maabara. Mwalimu wetu amefungua daftari lenye jalada gumu kwa ajili ya hesabu hizo, nalo linakaa katika kabati ya maabara. Mpaka leo lina visima 23. Tarakimu moja iliyoandikwa kabla ya ugomvi hufaa kuliko barua kumi zilizoandikwa baada yake, hata kama Kiswahili chake ni kizuri.

Bibi bado ananiuliza kila nikirudi, "Leo kina ngapi?" Hajui kloridi ni nini, lakini tarakimu zote za kisima chake amezihifadhi kichwani kwa mpangilio.